Fundi wa Bomba na Amri ya Tano



Katika Zaburi ya 90 Musa, mtu wa Mungu, ahesabu miaka ya mwanadamu, naye aona kwamba ni sabini, na mwenye nguvu hufika themanini. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu aliyeipita hesabu hiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake Harry Patch. Alizaliwa tarehe 17 Juni 1898 katika kijiji cha Combe Down, karibu na mji wa Bath, Uingereza, akafariki katika mji wa Wells tarehe 25 Julai 2009, naye amepata miaka 111. Tarehe hiyo, kama mjuavyo, katika Tanzania ndiyo siku ya kuwakumbuka mashujaa.

Huyu hakuwa jemadari, wala mhubiri, wala mtu mkubwa wa serikali. Alikuwa fundi wa bomba. Lakini alipokufa magazeti ya nchi nyingi yaliandika jina lake, kwa maana katika wote waliojulikana kuwa walipigana ndani ya mahandaki ya Ulaya katika Vita Kuu ya Kwanza, yeye alikuwa amebaki wa mwisho. Wenzake mamilioni, Waingereza na Wajerumani na Wafaransa, walikuwa wamekwisha kulala.

Nawaandikia habari zake ninyi waalimu na wazee wa sharika hasa, kwa kuwa ni kazi yenu kusema neno juu ya jeneza la mzee, na kazi hiyo ina mtego ndani yake. Mzee akiisha kuwekwa katika sanduku hana kosa tena. Hakugombana na mtu, hakukosa ibada hata moja, aliwapenda wote sawasawa. Watu wa nyumba yake wasikiliza huku wametazama chini, maana wao wamjua. Amri ya Nane, ituonyayo tusimshuhudie jirani uongo, haikuwekwa kwa ajili ya baraza la hukumu tu. Yasimama na kando ya kaburi pia. Tena uongo wa kumsifu mtu ni uongo vilevile, ingawa wasikika vizuri. Basi nawaletea mtu ambaye habari zake haziwezi kusemwa kwa uongo wa namna hiyo, kwa sababu alizisema mwenyewe, na hakujipaka rangi.

Baba yake alikuwa mwashi wa mawe. Harry alitoka shuleni mwaka 1913, akawekwa kwa fundi awe mwanagenzi wa kazi ya mabomba. Siku zile mabomba ya maji ya nyumba nyingi za Uingereza yalikuwa ya risasi, na mwanagenzi alijifunza kuiyeyusha, kuikunja, na kuunga bomba kwa bomba hata kiungo kisivuje tone moja. Angalieni neno hili. Katika Kiswahili chetu risasi ni madini, na risasi ni kile kitokacho katika bunduki. Waingereza wana maneno mawili, sisi tuna moja. Kijana huyu alifundishwa risasi ya kwanza kwa miaka mitatu hivi, na ile ya pili kwa miezi michache.

Mwaka 1916 aliandikwa askari, si kwa kupenda kwake bali kwa sheria. Nduguye mkubwa alikuwa amekwenda vitani mbele yake na kujeruhiwa, akamweleza mahandaki ni kitu gani. Kwa hiyo hakwenda kwa nyimbo na vigelegele. Mwezi wa Juni 1917 alifika Ufaransa, kisha akapelekwa Ubelgiji, mbele ya mji wa Ieper, katika vita viitwavyo Passchendaele, vilivyoanza tarehe 31 Julai vikaisha tarehe 10 Novemba mwaka ule. Mvua ilinyesha bila huruma, na makombora yalikuwa yameichimbua nchi yote, hata udongo ukawa tope la kumeza watu na nyumbu.

Aliwekwa katika kundi dogo la watu watano walioishughulikia bunduki ya rasharasha iitwayo Lewis. Watano hao waliishi kama ndugu. Kifurushi kikija kutoka kwa mama wa mmoja, kiligawanywa mafungu matano. Tena walipatana jambo moja ambalo halikuandikwa katika kitabu chochote cha jeshi: kwamba hawataua mtu kama yawezekana kutomwua, watapiga chini, kwenye miguu. Vijana watano wenye bunduki iwezayo kuangusha safu nzima walikula agano la namna hiyo katikati ya vita! Mimi sijui kama jemadari wao angaliwaacha kama angalisikia.

Mwezi wa Agosti, karibu na kijiji cha Langemarck, waliamriwa kusonga mbele. Njiani majeruhi walilala pande zote, wao kwa adui, wakilia waombe msaada, na askari wasonga mbele hawakupewa ruhusa ya kusimama. Mzee Patch alisema baadaye kwamba wao hawakuwa kama yule Msamaria mwema. Walikuwa kama wanyang'anyi waliompita mtu na kumwacha. Msomaji wa Luka sura ya 10 atasema kwamba waliompita ni kuhani na Mlawi, na wanyang'anyi ndio waliompiga. Ni kweli. Lakini mimi sitaki kumsahihisha. Aliwachanganya wale wapitao na wale wapigao, akawaona kundi moja, na huenda ameisoma habari hiyo vizuri kuliko sisi tuliokwisha kuihubiri mara kumi.

Walimkuta kijana mmoja wa kikosi chao, amepasuliwa na kipande cha kombora toka begani hata kiunoni. Aliwaomba wampige risasi afe. Kabla hawajafanya neno lolote akafa, na neno lake la mwisho lilikuwa kumwita mama yake. Patch alisema kwamba sauti ile haikuwa ya kukata tamaa. Ilikuwa kama ya mtu aliyeshangaa kwa furaha kwa kumwona aliyemtazamia. Tangu siku ile alishika ya kwamba kufa si mwisho. Neno hili mliweke akilini, maana nitalirudia.

Ndipo likaja jambo lenyewe. Mjerumani mmoja alitoka akawajia mbio na singe mbele ya bunduki yake. Patch alikuwa na bastola. Alimpiga begani, bunduki ikaanguka, lakini yule mtu akazidi kuja. Patch alikuwa na risasi za kutosha kumwua, na muda wa kukata shauri ulikuwa kama sekunde tano. Alieleza kwamba katika sekunde hizo alizikumbuka Amri Kumi, zile alizoshuka nazo Musa mlimani. Akashusha bastola, akampiga mguuni, juu ya kifundo na juu ya goti. Mjerumani akaanguka, akawa hai.

Waalimu wangu, ninyi mwajua jinsi watoto wa kipaimara wanavyoisema Amri ya Tano. Ni fupi kuliko zote, nao huifurahia kwa sababu hiyo. Huisema mbio, kisha huisema na maana yake mbio, yale aliyoyaeleza Luther katika Katekisimo Ndogo: kwamba haitoshi kutomdhuru jirani katika mwili wake, bali imetupasa kumsaidia katika kila haja ya mwili. Na mwalimu hutikisa kichwa, kwamba wamejua. Nani ajuaye ni lini neno lililokaririwa darasani litahitajiwa? Kwa mtoto huyu wa Combe Down lilihitajiwa katika tope la Ubelgiji kwa muda wa sekunde tano, na lilikuwapo. Sioni sababu nyingine kubwa kuliko hii ya kuwashika watoto wayajifunze maneno kwa moyo hata kabla hawajayaelewa.

Lakini kama ningeishia hapa ningekuwa nimefanya lile lile nililolilaumu. Tarehe 22 Septemba 1917, usiku, wale watano walipokuwa wakirudi nyuma kupumzika, kombora lilipasuka juu yao. Watatu hawakuonekana tena; hapakubaki kitu cha kuzika. Kipande kilimwingia Patch kinenani. Tabibu alimwuliza kama ataka kitolewe, naye akamjulisha kwamba nusukaputi imekwisha. Watu wanne walimshika mikono na miguu, kikatolewa. Katika makaburi ya Tyne Cot, si mbali na mahali pale, kuna ukuta wenye majina karibu 35,000 ya waliouawa tangu tarehe 16 Agosti 1917 bila kuwa na kaburi lijulikanalo. Yeye hakuhitaji ukuta. Muda wote wa maisha yake siku yake ya kukumbuka ilikuwa 22 Septemba, wala si 11 Novemba pamoja na watu wote.

Na sasa sikilizeni alilosema. Alisema kwamba kama angalikutana na yule Mjerumani baada ya rafiki zake watatu kuuawa, asingaliona taabu yoyote kumwua.

Majuma machache tu! Mkono ni ule ule, amri ni ile ile, na adui yule yule. Naliposoma hayo nalikumbuka kwamba Bwana wetu, alipoifafanua amri hii mlimani, hakuanza na upanga. Alianza na hasira. Mtu huyu aliitimiza amri mwezi wa Agosti, naye akakiri kwamba mwezi wa Oktoba angaliivunja. Je, sifa ya Agosti ni yake? Siwezi kusema kwamba ni yake. Wala siwezi kusema kwamba si kitu, maana kuna mtu aliyerudi kwao Ujerumani au aliyepata saa moja zaidi ya kuishi, na hilo ni kitu. Nasema tu kwamba Mungu alimlinda mtu na dhambi kwa siku moja, na mtu akajua kwamba amelindwa, asijivune. Kwetu twaita hiyo neema.

Najua kwamba baadhi yenu mtaniuliza juu ya askari kwa ujumla. Luther aliulizwa neno hilo na askari mwungwana, akalijibu kwa kijitabu mwaka 1526: kwamba askari naye aweza kuwa katika hali ya wokovu, kama vile tabibu akataye mkono ili mwili upone hahesabiwi kuwa mkatili, ila mwenye kuanza vita bila kulazimishwa atakutana na Mungu, na anayejua hakika kwamba bwana wake apigana kwa udhalimu na asiende. Mimi nakubali maneno hayo. Ila naona kwamba Luther alijibu juu ya kazi ya askari. Juu ya usiku wa askari, miaka sitini baada ya vita, kijitabu hakisemi neno.

Maana Patch alirudi kwao, akanyamaza. Alimwoa Ada mwaka 1919, akakaa naye karibu miaka 57 hata alipokufa Ada mwaka 1976, wala hakumwambia mambo ya vitani. Walipata wana wawili. Alirudia kazi yake ya mabomba, na mojawapo ya majengo aliyofanya kazi ni lile jengo kubwa lenye mnara la Chuo Kikuu cha Bristol, lililofunguliwa mwaka 1925. Vita vya pili vilipokuja alikuwa amepita umri wa kupigana, akajiunga na zimamoto. Na mwezi wa Aprili 1942, ndege za Wajerumani zilipoupiga mji wa Bath siku za mwisho wa juma na kuua watu zaidi ya 400, alikuwa akizima moto. Kisha akarudi tena kwenye mabomba, hata alipostaafu akiwa na miaka 65. Hayo ndiyo maisha yake: asubuhi mfuko wa vyombo, jioni nyumbani, na maji yakitoka mferejini katika nyumba za watu wasiojua jina lake. Miaka ya vitani ilikuwa michache sana, na mahandakini alikaa miezi kama minne. Miaka ya ufundi ilikuwa karibu hamsini. Ulimwengu ulimwuliza juu ya ile miezi minne.

Na imani yake? Hapa mhubiri wa mazishi huwa na haraka ya kupita. Mzee Patch alisema wazi kwamba alitoka jeshini imani yake katika kanisa lake, Kanisa la Kiingereza, imevunjika vipande. Alijaribu. Aliingia kwaya ya kanisa kijijini kwao, akavaa kanzu akaimba, akitumaini kwamba imani itarudi. Mwisho alibaki kwa ajili ya nyimbo na rafiki, lakini kusadiki, alisema, hakukuja. Basi mtu huyu alizishika Amri Kumi kwa sekunde tano, alisikia mlango wa mbinguni ukifunguliwa katika sauti ya kijana afaye, na bado alikaa katika kwaya miaka kadhaa asiweze kusadiki. Nani kati yetu atakayeupima moyo wa namna hiyo? Mimi naogopa. Naona afadhali kumwachia yeye aliyemwendea Tomaso huku milango imefungwa. Lakini nawaulizeni: wako wangapi katika kwaya zetu ambao wako hivyo hivyo, na hakuna aliyewauliza kitu, kwa sababu sauti yao ya besi ni nzuri?

Alinyamaza hata alipotimiza miaka 100, mwaka 1998, watu walipoanza kumtafuta kwa kuwa waliobaki walikuwa wachache. Wakati ule alikuwa akikaa katika nyumba ya wazee. Mbele ya chumba chake palikuwa na kabati la mashuka, na usiku mtumishi akiwasha taa humo, mwanga ulimpiga mlangoni naye akiwa nusu usingizini; mara lile kombora likapasuka tena. Miaka themanini, na taa ya kabati yatosha!

Alipoanza kusema, alisema. Aliwaeleza jinsi alivyochungulia handakini akaona mbwa wawili wakipigania biskuti moja, akajiuliza, nasi twapigania nini? Mwaka 2004 alirudi Ubelgiji akakutana na Charles Kuentz, mzee wa miaka 107, aliyezaliwa Alsace na kupigana upande wa Wajerumani kule kule Passchendaele. Wakashikana mikono, wakakaa pamoja. Patch alimpa chupa ya kinywaji cha matofaa cha kwao. Kuentz naye alikuwa amemletea kopo la biskuti. Mwezi wa Septemba 2008 alifika tena penye kijito cha Steenbeek, mahali alipovuka na wenzake mwaka 1917, akafunua jiwe la ukumbusho alilotaka lisimame pale.

Vita hivyo vilitufikia na sisi. Katika mwezi wa Oktoba 1917, siku zile Passchendaele ilipokuwa ikiendelea, watu waliuana Mahiwa, karibu na Lindi, na kwa kila askari palikuwa na wapagazi, na wapagazi walikufa kwa maelfu mengi kwa njaa na homa na kuhara kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam latokana na kikosi cha wapagazi hao, na sanamu ya askari yasimama katikati ya mji tangu 1927. Lakini mpagazi wetu wa mwisho alikuwa nani? Alikufa lini, na nani alimzika? Aliacha maneno gani? Bila shaka yuko mzee aliyekuwa wa mwisho, na yamkini alizikwa katika usharika mmojawapo, na mwalimu akasema kwamba alikuwa mtu mwema, aliyewapenda wote.

Wale wa vita hivyo wamekwisha. Lakini wako waliovuka Kagera mwaka 1978 na 1979, ambao sasa ni wazee wenye wajukuu. Mmoja ni seremala, mwingine hushona viatu, mwingine huchunga ng'ombe wa mwanawe. Mwalimu, ukienda kwa mzee wa namna hiyo, usiende na kalamu siku ya kwanza. Rafiki za Ayubu, kabla hawajaharibu kazi yao kwa maneno, walikaa naye chini siku saba bila kusema, na hilo ndilo jema walilolifanya. Kaa naye. Mwulize habari za kazi yake ya mikono, maana mtu huanza kusema pale mkono ulipozoea. Akisema habari za vitani, usimkatize kwa mstari wa Maandiko kabla hajamaliza. Akitaka kuungama, wajua la kufanya. Mpeleke kwa mchungaji, asikie ondoleo la dhambi kwa masikio yake. Akinyamaza, umwombee pale pale, na juma lijalo urudi.

Patch aliwazika wake zake wawili, na wanawe wote wawili walimtangulia. Nishani alipewa, na Chuo Kikuu cha Bristol, ambacho jengo lake alilitilia mabomba, kilimpa shahada ya heshima mwaka 2005. Watu walitaka kumfanyia mazishi makubwa ya taifa, mtu wa mwisho kwa niaba ya wote, naye hakuyataka.

Ibada ilifanywa katika kanisa kuu la Wells tarehe 6 Agosti 2009, na watu maelfu walisimama njiani katika mji ule mdogo. Askari vijana wa Uingereza walilichukua jeneza, na kando yao walikwenda askari wa Ubelgiji, wa Ufaransa na wa Ujerumani. Mzee alikuwa ameagiza kwamba asiwepo mtu mwenye silaha, hata upanga wa heshima. Wakaja mikono mitupu. Baada ya ibada walimpeleka Monkton Combe, karibu na kijiji alichozaliwa, wakamzika penye makaburi ya wazazi wake na nduguye.